Maumivu makali si "strong pain"

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu kwako na watoto. Barua zako za mazoezi ya OET, ule mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, nimezisoma zote. Sarufi haina neno. Kinachokuangusha ni maneno yanayoandamana: kila neno peke yake liko sawa, ila wenye Kiingereza chao hawayaweki pamoja.

Tuanze na "kali", maana ndilo limekuponza kuliko yote. Sisi kali yetu inakaa popote: homa kali, maumivu makali, dawa kali. Wao wanagawa. Homa ni "high fever", maumivu ni "severe pain", na dawa yenye nguvu ya kuyatuliza ni "strong painkiller". Yaani "strong" inakwenda na dawa, haiendi na maumivu. Halafu kuna pale ulipoandika "sharp pain" ukikusudia kwamba yamezidi. Hilo si kosa la lugha tu, linambadilishia daktari picha ya mgonjwa. "Sharp" inaeleza aina, kwamba yanachoma kama kisu. Kiwango kinaelezwa kwa "mild", "moderate" au "severe". Mtu anaweza kuwa na "mild sharp pain". Yale ya chini chini yasiyochoma ni "dull ache". Na "splitting headache" waachie wagonjwa wenyewe, ni ya mazungumzo, haifai kwenye barua ya rufaa.

Damu nayo ina mitego. "Kutoa damu" kwetu ni kumchoma mgonjwa ili apimwe, na pia ni kuchangia benki ya damu. Ya kwanza andika "take blood" au "draw blood", ya pili "donate blood". Ukichanganya, mgonjwa wako wa upungufu wa damu anageuka mchangiaji! Akitokwa na damu nyingi ukeni ni "heavy bleeding", si "much blood" wala "strong bleeding".

Kwenye dawa, angalia nani anatenda. Mgonjwa "takes" dawa, hata iwe ya maji. "Drink" iache kwenye uji na chai. Muuguzi "gives" au "administers". Daktari "prescribes". "Take" hiyohiyo inabeba na mengine ya wodini: "take a history", "take her blood pressure", "take a deep breath". "Make" ina machache unayohitaji: "make a diagnosis", "make an appointment", "make a full recovery".

Vile vihusishi vidogo vijifunze pamoja na neno lake, usivitafsiri. Ni "allergic to penicillin", si "allergic with". "Diagnosed with", "admitted with", "discharged from". Ukikuta c/o kwenye maelezo ya mgonjwa, barua inataka "complained of".

Sasa namna ya kujifunza. Daftari lako umelipanga kwa vitenzi. Ligeuze, upange kwa nomino. Ukiwa unaandika, "pain" unaijua tayari, unachotafuta ni mwenzake. Kwa hiyo ukurasa wa "pain" uwe na sentensi nzima tano au sita, si maneno matupu: "She was admitted with severe abdominal pain." Kamusi za maneno yanayoandamana nazo tafuta kwa nomino. Ukiwa na shaka, fungua Google Books Ngram Viewer, inayoonyesha maneno yametumika kwa wingi gani vitabuni, andika "severe pain,strong pain" ukitenganisha kwa mkato, uone mstari upi uko juu. Idadi ya majibu kwenye utafutaji wa kawaida wa Google usiitegemee, inayumba mno. Bora usome kurasa mbili tatu za hospitali za Uingereza uone wanavyoandika.

Muda wenyewe wa mtihani wa kuandika ni dakika 45, na 5 za mwanzo ni za kusoma tu. Barua ni maneno 180 hadi 200 hivi. Ukianza kuunganisha neno kwa neno humalizi, ndiyo maana nasema "poorly controlled diabetes" ikujie nzima nzima, isije "bad diabetes" kwanza halafu ukaanza kufuta.

Iandike upya ile ya mzee wa kisukari kabla ya nyingine zote. Ina "drink" tatu, na hiyo "bad diabetes" iko mstari wa pili. Nitumie Jumapili.

Wako,
Rehema