Tupeni mahali pa kulala msituni bila malipo

Mhariri,

Kuna msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba misitu yetu ya Pwani ifungwe kabisa, asiingie mtu ila mwenye kazi rasmi, kwani raia wa kawaida wakiruhusiwa kulala humo wataichoma na kuijaza takataka. Naielewa hofu yake. Nimefundisha shule za msingi za Likoni kwa miaka 34 na nimeona ufuo wetu unavyobaki siku ya pili ya Idi. Hata hivyo nadhani dawa aliyoipendekeza itauzidisha ugonjwa.

Nikisimama uani kwangu hapa Mtongwe asubuhi isiyo na ukungu, naiona Milima ya Shimba imelala kule upande wa Kwale. Maji ya chemchemi za Marere hutoka kwenye milima hiyo na kuletwa Mombasa kwa bomba tangu enzi za mkoloni. Watoto niliowafundisha wamelelewa na maji ya msitu ule. Wameoga nayo, wamepikiwa uji nayo, wamekwenda chuoni wametawadha nayo. Lakini waliowahi kulala huko hata usiku mmoja, katika miaka yangu yote ya kazi, hawajazi benchi moja la darasa.

Miaka miwili kabla ya kustaafu nilijaribu. Nilikuwa na wanafunzi 32 wa chama cha mazingira, na mmoja wao, mtoto wa mchuuzi wa samaki, alikuwa akiniuliza kila wiki, "Mwalimu, kule juu usiku kunakuwaje?" Nikaandika barua kuomba tulale usiku mmoja tu kwenye ukingo wa msitu mmoja wa serikali. Ofisi ya kwanza ikanituma kwa ya pili, ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza. Mwishowe nikapewa hesabu: kiingilio cha kila kichwa, ada ya kambi ya kila kichwa, gari, na askari wa usiku. Sikuombwa hongo na sikutukanwa, nasema haki. Ila wazazi wangu ni makuli wa bandarini, madereva wa tuktuk, na kina mama wanaouza viazi karai. Hesabu ile ilikuwa kubwa kuliko karo ya muhula. Tukatandika mikeka darasani, tukazima taa, tukajifanya tuko msituni. Watoto walifurahi, lakini mimi usiku ule sikulala.

Nisingeandika leo kama si nilichokiona baadaye. Mwanangu wa pili, binti, ni muuguzi mjini Tacoma, Marekani. Nilipokwenda kumtembelea mwezi wa Agosti, alinipeleka pamoja na mjukuu wangu wa miaka tisa katika Msitu wa Taifa wa Gifford Pinchot, kusini mwa jimbo la Washington. Tuliiacha lami, tukafuata barabara ya changarawe kwa muda mrefu, miti imesimama pande zote mbili kama nguzo za msikiti. Mwanangu akasimamisha gari penye kiwanja kidogo kilichokwisha kukanyagwa na waliotutangulia.

Nikamwuliza, "Lango liko wapi? Tunalipia wapi?"

Akanijibu, "Mama, hapa hakuna lango. Huu ni msitu wa umma. Tunalala, tukitoka tunapaacha kama tulivyopakuta."

Hapakuwa na choo, bomba, meza wala taa. Zipo kambi nyingine katika msitu huohuo zenye vyoo na meza, na hizo hulipiwa. Lakini nje ya kambi hizo, sehemu kubwa ya misitu ya taifa ya Marekani iko wazi kwa yeyote anayetaka kusimamisha hema bila kutoa senti. Misitu hiyo ni 154, na pamoja na nyika zake za majani ina takriban hekta milioni 78. Idara inayoisimamia ilianzishwa mwaka 1905, na huyo Gifford Pinchot ambaye msitu ule ulipewa jina lake mwaka 1949 ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza.

Msomaji mwenzangu anayeogopa moto asikilize hapa. Kabla hatujaondoka nyumbani, mwanangu alipiga simu ofisi ya msitu kuuliza hali ya ukame. Akaambiwa moto wa kuni umepigwa marufuku mpaka mvua inyeshe. Kwa hivyo tulipika wali kwa jiko dogo la gesi, na hata hilo tuliliweka juu ya ardhi tupu iliyofagiwa majani. Chakula chote kilichobaki, hata maganda ya ndizi, kilifungiwa ndani ya gari kwa ajili ya dubu. Mjukuu wangu alipotaka kwenda haja, mama yake alimpa jembe dogo la mkono akamwonyesha. Unajitenga na kijito kiasi cha mita 60, unachimba shimo la sentimita 15 hadi 20, ukimaliza unafukia udongo mpaka pasijulikane. Mti mbichi haukatwi. Gari halitoki nje ya njia zilizoruhusiwa. Mahali pamoja hukai utakavyo. Katika mingi ya misitu hiyo mwisho ni siku 14, kisha uhame. Na taka zako zote unarudi nazo mjini.

Asubuhi alipita askari wa msitu, mwanamke wa makamo. Akatusalimia, akatazama chini kama pana majivu, akauliza tuna maji ya kutosha, akaenda zake. Hakuomba risiti. Kwangu mimi mwalimu, hilo lilikuwa somo kubwa. Wenzetu wameacha kudai pesa, lakini sheria hawakuiacha.

Na ule usiku wenyewe, Mhariri, niruhusu niuseme kidogo. Jua la Agosti huko huzama baada ya saa mbili usiku. Nilitawadha kwa maji ya dumu tuliloleta, nikaswali Isha juu ya leso niliyokwenda nayo kutoka Mombasa, mjukuu wangu pembeni yangu. Kisha tukalala chali. Giza lile sijawahi kuliona Mombasa tangu siku za kupotea umeme kwa juma zima. Mtoto alishika mkono wangu, akawa anauliza kila sauti ni ya nini, na baada ya muda akaacha kuuliza, akawa anasikiliza. Nikamkumbuka yule mtoto wa mchuuzi wa samaki. Swali lake lilikuwa hilohilo, na jibu lake halikuhitaji zaidi ya mahali pa kulala chini.

Siku ya pili nilijifunza jambo ambalo watetezi wa kufungua misitu nao walisikie. Katika msitu uleule kuna mashamba ya porini ya vitunda vya rangi ya zambarau, vidogo kuliko zambarau tunazouziwa Kongowea. Watu wa kabila la Yakama wamekuwa wakivichuma tangu zama za mababu zao. Mwaka 1932, wakati watu wengi wasio na kazi walipomiminika huko kuchuma, mzee wa Yakama na msimamizi wa msitu walipeana mikono, wakakubaliana kwamba sehemu moja ya mashamba hayo iwe ya wenyeji hao peke yao. Makubaliano yale ya kupeana mikono yanaheshimiwa mpaka leo. Tulipofika hapo mwanangu alipunguza mwendo, akanionyesha kibao, akapita. Hatukushuka.

Nilifikiria kaya zetu papo hapo, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kaya za Mijikenda, ambazo UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, si mahali pa hema. Kaya Kinondo huingii mpaka uongozwe na wenyewe, umejifunga kitambaa cheusi kiunoni, na iwe hivyo daima. Kwa hiyo ninaposema tupewe msitu, sisemi kila msitu. Wala sisemi katikati ya Shimba kwenye njia za ndovu. Mtu anayelala na watoto njiani mwa ndovu anawatafutia mauti, na ndovu naye atapigwa risasi kwa kosa lisilo lake. Tena misitu yetu ni midogo. Gifford Pinchot peke yake ni zaidi ya kilomita mraba 5,000, ilhali Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki, ni kama 420 tu. Ya Marekani hatuwezi kuyachukua mazima mazima.

Lakini tunaweza kuchukua kiini chake. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, inayoshikiliwa kwa amana kwa niaba ya wananchi wa Kenya. Amana ni neno zito kwetu watu wa Pwani. Ukiwekewa amana ya mtu, mwenyewe akija kuitazama humtozi. Na Sheria ya Misitu ya 2016 imezipa jamii zinazopakana na misitu nafasi ya kuisimamia pamoja na serikali kupitia vyama vyao, na miongoni mwa haki ambazo vyama hivyo vinaweza kupewa ni utalii wa mazingira na burudani. Hatuhitaji sheria mpya. Tunachohitaji ni ofisa mmoja mwenye nia.

Naomba hivi. Katika kila msitu wa umma wa Kwale na Kilifi unaofaa, kitengwe kiwanja kimoja kwenye ukingo, mbali na ndovu, mbali na kaya, mbali na chemchemi. Kisijengwe kitu. Wananchi waandike majina kwa mzee wa chama cha msitu, bila malipo, hema tano kwa usiku mmoja zisizidi, na usiku wawili kwa kila kundi. Moto wa kuni usiwepo kabisa. Anayetaka chai aje na meko yake. Kuanzia Januari hadi Machi, majani yanapokauka, kiwanja kifungwe. Jembe dogo na dumu la maji viwe ndiyo tiketi: asiye navyo arudishwe. Atakayeacha takataka jina lake lipo daftarini, asipokelewe tena.

Najua swali litakalofuata: mshahara wa askari utatoka wapi? Askari yupo tayari na analipwa, kwa sababu msitu unalindwa, watu walale humo wasilale. Ninachoona ni kwamba atalinda kwa wepesi zaidi. Wachoma makaa na wanaoiba mbambakofi, mti uliochongwa milango ya Mji wa Kale, hawapendi mahali penye familia na tochi. Na kijiji jirani hakitakosa. Watu ishirini wakilala ukingoni mwa msitu, asubuhi watataka mahamri na mbaazi, watataka madafu, watataka kijana wa kuwaonyesha ndege. Kule Gede, tangu 1993, wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga viwavi wa vipepeo na kuwauza ng'ambo wakishakuwa pupa, yaani wamejifunga tayari kugeuka vipepeo, na riziki ile imewafanya wengi wauone msitu kuwa wao. Pesa ya msitu si lazima ikusanywe langoni.

Lakini hata kama isingepatikana shilingi, bado ningeomba. Mtoto wa Mombasa anakua katika chumba kimoja, anapita kivukoni katikati ya msukumano wa feri, anacheza kwenye uchochoro kati ya bodaboda. Tunamfundisha darasani kwamba msitu huleta mvua na maji, anapata alama zote, kisha anamaliza shule hajawahi kusikia msitu ukipumua usiku. Halafu tunamtaka autetee msitu akiwa mtu mzima, diwani au waziri, siku mwekezaji atakapokuja na ramani. Atatetea nini asichokijua? Msomaji mwenzangu anasema wananchi wataharibu kwa sababu hawajui. Ni kweli hawajui. Mimi nami sikujua kuchimba shimo la sentimita ishirini mpaka binti yangu aliponionyesha, na nilikuwa na miaka sitini.

Wale wanafunzi wangu 32 sasa wako sekondari na wengine wamemaliza. Yule aliyekuwa akiuliza ni kijana wa kubeba mizigo bandarini Kilindini. Tulikutana kivukoni mwezi jana, akanishika mkono, akanipa shikamoo, na kabla feri haijafunga mlango akaniuliza kama niliwahi kwenda kule juu. Nilimwambia bado. Nimekwisha nunua majembe madogo manne na madumu mawili, na kina mama sita wa mtaani kwangu wameahidi kuja na watoto wao likizo ya Agosti. Ofisi inayohusika ikituonyesha kiwanja, tutakuwa hapo na mahema kabla ya Magharibi, na asubuhi yake watume mtu aje akague.

Mwalimu mstaafu,
Mtongwe, Mombasa