Madereva wapya wa malori wafunzwe ukaguzi kabla ya mahojiano

Mhariri,

Vijana wengi wanaotafuta kazi katika kampuni za uchukuzi za Changamwe na Miritini hufika kwenye mahojiano na leseni pamoja na cheti cha polisi cha maadili mema, wakidhani kwamba karatasi hizo zinatosha. Hazitoshi, kwa kuwa mwajiri makini humpeleka kijana hadi kwenye lori na kumtaka alikague mbele yake, jambo ambalo naliona kuwa la haki kabisa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Anayestahiki kazi hulizunguka lori na trela bila pupa, akapapasa hata tairi la ndani kwenye magurudumu pacha, ambalo aghalabu husahaulika, akatoa maji yaliyojikusanya kwenye matangi ya upepo wa breki, kisha akahakikisha kwamba kiungo kinachoshika trela kimefunga sawasawa. Ajue pia kwamba sheria ya Afrika Mashariki hairuhusu lori kupita tani 56 pamoja na mzigo, na kwamba mizani ya Mariakani haina simile.

Naziomba shule za udereva hapa Mombasa, ambazo ada zake si haba, zifundishe ukaguzi huo kwenye lori lenyewe badala ya ubaoni.

Dereva wa masafa marefu,
Changamwe, Mombasa