Ule mmea wa kiwanjani kwako

Zuhura mpenzi,

Salaam nyingi kutoka Dodoma. Sisi huku wazima, vumbi tu ndilo limetuzidi.

Picha ya mmea uliotambaa kwenye mchanga wa kiwanja chenu nimeipata. Nilipoviona tu vile vijani vilivyopangana viwili viwili mithili ya mkwaju, niliujua: ni mbigili. Tulipokuwa wadogo, tukitoka shule kandambili zetu zilijaa miiba yake hadi zikawa zinalia tik-tik kwenye sakafu ya saruji, mama akitufukuza tukaing'oe nje.

Kama bado una shaka, shika tawi moja ulinyanyue. Litainuka lote mpaka kwenye shina la katikati, maana halitoi mizizi njiani.

Ila mbigili ni wa aina zaidi ya moja, na picha yako ya jioni imenikosesha ua. Ua lake hufunguka asubuhi, jua likishakuwa kali hujifunga. Wa huku kwetu ni Tribulus terrestris, wenye kiua cha manjano cha petali 5, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Huko kwenu pwani kuna nduguye, Tribulus cistoides, na ua lake hufika sentimita 3 kwa upana. Nadhani wako ndio huo.

Pole sana kwa mtoto Bakari kuchomwa mguu na miiba yake. Tunda la mbigili likikauka hupasuka vipande 5, kila kimoja na pembe zake mbili kama kichwa cha mbuzi. Kianguke kianguavyo, mwiba mmoja utatazama juu. Ndiyo maana hata baiskeli hazisalimiki.

Tafadhali usingoje. Ukate mzizi mkuu kwa jembe, chini kidogo ya udongo, kabla matunda hayajakomaa, kisha uokote na yaliyodondoka, kwani mbegu zake hukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri mvua. Wala usiwatupie mbuzi wako. Kule Afrika Kusini kondoo wakiula kisha wakapigwa na jua, huvimba vichwa na macho kuwa manjano. Wenyewe huuita ugonjwa huo geeldikkop.

Kesho saa mbili asubuhi kalipige picha ua, uweke na sarafu pembeni nione ukubwa wake. Na mguu wa mtoto uendelee kuukanda kwa maji ya chumvi.

Nduguyo,
Neema