Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: tuanze na chai

Daktari,

Salamu kutoka Mbuyuni, Moshi. Mimi ni mama lishe, zamani nilikuwa mwalimu wa biolojia. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu wote: kansa, na vile tunavyokula na kunywa kila siku katika mkoa huu.

Kansa ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, unaijua kuliko mimi, lakini wasomaji wengine nao wajue. Kuna ukanda unaoteremka mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia mpaka Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu ni mwingi kupita kawaida, na Kilimanjaro imo. Mtaani tunaiita kansa ya koo. Mgonjwa anaanza kwa kusukumia ugali na maji, anahamia kwenye mtori, halafu uji mwepesi, na mara nyingi hapo ndipo ndugu wanaanza kuchangishana nauli ya hospitali. Dalili zikichelewa hivyo, kinga ndiyo tegemeo.

Sasa njoo mgahawani kwangu. Wateja wanapima ubora wa chai kwa moto wake. Nikimimina ikakaa kidogo, kikombe kinarudi: "Mama, hii imelala." Dereva wa hiace anataka aipulize mara mbili, aimalize, aondoke. Na nikiiweka kwenye chupa, saa nzima baadaye bado inaunguza ulimi.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vya moto sana, yaani vinavyozidi nyuzijoto 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa kwa binadamu. Kansa iliyotajwa ni hii ya umio. Mwaka mmoja kabla ya hapo yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapahapa Kilimanjaro: watu walipimiwa joto la chai yao wanapoanza kunywa, na wastani ukawa kama nyuzijoto 70. Chai ya maziwa ilinywewa ikiwa ya moto zaidi kuliko ya rangi. Mimi niuzaye chai ya maziwa kila asubuhi sikushangaa hata kidogo.

Wakulima wa kahawa wasishtuke. Kikao kilekile cha 2016 kiliitoa kahawa kwenye orodha ya washukiwa, ambako ilikuwa imewekwa mwaka 1991 kwa ajili ya kansa ya kibofu. Majani ya chai nayo hayana kesi. Kinachoshukiwa ni joto lenyewe: linababua utando wa ndani wa umio, utando unajijenga upya, kesho unababuliwa tena, miaka nenda rudi. Seli zinazolazimika kugawanyika kila mara zina nafasi kubwa zaidi ya kukosea. Utando uliochubuka unaweza pia kupitisha kirahisi sumu za pombe na tumbaku. Sijaisamehe mbege wala pombe kali, maana pombe imo kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa tangu mwaka 1988. Ila kumwachisha mtu pombe ni kazi ya miaka, na kumwambia asubiri chai ipoe ni kazi ya dakika.

Sisi tukikaa kimya, wanasema wengine. Karibu na stendi kuna kipaza sauti kinachotangaza vidonge vya virutubisho vinavyozuia "kansa zote". Jirani yangu sokoni amenunua kopo lake kwa pesa ya mtaji. Anauza mchicha, Daktari! Ana mafungu mbele yake tangu alfajiri, na anameza kidonge.

Finland walilijaribu jambo hili kwa umakini. Walichukua wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, kile kirutubisho kinachoipa karoti rangi yake. Walitarajia kansa ya mapafu ipungue. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza beta-karotini. Marekani nako jaribio la aina hiyo lilisimamishwa kabla ya wakati wake, mwaka 1996, baada ya kuonekana madhara hayohayo. Kirutubisho kilichomo ndani ya mboga kinakuja na nyuzinyuzi, foleti, vitamini C na vingine vingi, kwa kiasi ambacho mwili umezoea. Kikitolewa peke yake na kushindiliwa kwenye kidonge, usitegemee kifanye kazi ileile.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Mkoa wenye mnavu, majani ya maboga, ndizi na maparachichi yanayooza chini ya miti hauna kisingizio, lakini kwenye sahani ninazopakua mboga ni kijiko kimoja cha pembeni, kwa kuwa macho ya mteja yanahesabu vipande vya nyama. Hasara ni kubwa. Nyuzinyuzi zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wanazichachusha na kutoa butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za utando wa utumbo huo. Watu wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi wanaonekana kupata kansa ya utumbo mpana kwa uchache zaidi. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa zilitangazwa mwaka 2015 kuwa zinasababisha kansa hiyo. Kwa wateja wangu bei bado inawakinga.

Halafu mahindi. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, inasababisha kansa ya ini, na mwenye homa ya ini aina ya B hatari yake inazidi maradufu. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo si hadithi ya mbali. Nimesimama mashineni nikaona mahindi meusi yakichanganywa na mazuri, kijana akasema yakisagwa hayajulikani.

Ninayoyaomba hayahitaji bajeti kubwa. Maafisa afya wanapokagua migahawa wanatazama cheti cha kupima afya, vazi, choo na maji ya kunawa. Waongeze swali la chai, na wawaambie wateja waliokaa pale kwamba chai iliyopoa kidogo si uzembe wa mpishi. Neno hilo likitoka kwenu watalisikia. Likitoka kwangu wanadhani nabana mkaa.

Mashuleni, uji umiminwe vikombeni kabla kengele ya mapumziko haijalia. Nimefundisha, nawajua watoto: mwenye mapumziko mafupi hapulizi uji, anaumeza ili akacheze.

Mashineni, mtu apite mara kwa mara, hasa baada ya mavuno, awafundishe wenye mashine na wateja kuchambua mahindi kabla ya kusaga na kuyakataa yenye ukungu.

Na kile kipaza sauti cha stendi, kama sheria inaruhusu kizimwe. Kama hairuhusu, mpeni afisa lishe kingine, kikubwa zaidi.

Ukitaka kumtuma mtu na kipimajoto, mgahawa wangu uko wazi. Aje kabla ya saa mbili asubuhi, maana chai ya maziwa huwa inaisha mapema.

Wako,
Mama lishe, Mbuyuni, Moshi