Klabu za pwani zianze na maji, maua yaje baadaye

Mhariri,

Klabu ya pwani ikitangaza ukarabati wa viwanja vyake, kinachobandikwa ukumbini ni picha ya maua na kabro mpya, yaani matofali ya saruji ya kutandika chini. Ramani ya njia za maji haionekani. Masika ya kwanza yakifika, wanachama wanavua viatu kulifikia gari.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Maegesho ya mita za mraba 1,000 yakinyeshewa milimita 40, na Mombasa mwezi Mei hilo si ajabu, hapo pana lita 40,000 zinazotafuta pa kwenda. Zipewe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na jengo, hadi kwenye mtaro au shimo la kokoto. Kabro ya milimita 60 yatosha magari madogo. Njia ya lori na boza la maji iwe ya milimita 80. Kingo za saruji ndizo hurukwa ili kubana gharama. Bila kingo kabro husogea, mianya hupanuka, mchanga wa chini huoshwa, na tairi huanza kuchimba.

Husemwa kwamba chini yetu ni matumbawe, maji yatazama yenyewe. Yangezama, lau udongo wa juu haungeshindiliwa na malori ukiwa mbichi. Chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, kisha uchukue rula. Yakishuka kwa kasi isiyofika sentimita 2.5 kwa saa, pachimbuliwe sentimita 30 kabla ya kupanda chochote.

Matumbawe yana taabu nyingine: udongo wake umejaa chokaa, na mafundi huizidisha kwa kuosha karai za saruji papo hapo patakapopandwa maua. Ua la iksora likiwekwa hapo, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mtunza bustani huongeza samadi, wala rangi hairudi, maana kinachokosekana ni madini ya chuma. Yamo udongoni, ila kwa chokaa ile mizizi haiwezi kuyafyonza. Ondoeni udongo huo na kuleta mwingine wenye mboji, au pandeni bogenvilia, isiyo na makuu. Kwa harufu ya jioni barazani, mkilua na asumini vinatosha; sijui kwa nini wachoraji huvipita na kuagiza miche ya mbali.

Miti mikubwa ndiyo huumia kimyakimya. Mbuyu uliopukutisha majani kiangazi haujafa, ingawa wapo wakandarasi huutia alama ya kukatwa. Uzio wa kuukinga uzunguke pale matawi yanapoishia. Mita 1 kutoka shinani haikingi kitu. Kifusi kikimwagwa juu ya mizizi ili kusawazisha uwanja, hewa hukatika, na mti waweza kunyauka mwaka wa pili au wa tatu, mkandarasi keshalipwa zamani. Mkungu nao usipandwe kando ya bwawa la kuogelea, maana majani yake mapana huziba vichujio.

Kuhusu nyasi, hekta 1 ikimwagiliwa milimita 5 kwa siku hunywa lita 50,000, yaani maboza 5 ya lita 10,000. Kisima cha karibu na bahari kikivutwa kupita kiasi hupanda chumvi, kwa hiyo maji yapimwe kabla ya kuchagua mbegu: nyasi za paspalamu huvumilia chumvi kuliko ukoka. Mitaro ikamilike Februari, nyasi zipandwe masika yanapoanza. Pasipochezwa wala kukaliwa, nyasi za nini?

Kamati zibandike ramani ya mitaro na vipimo vya maji ya kisima kando ya picha za maua, wanachama wavione kabla ya kupiga kura ya bajeti.

Msanifu wa bustani,
Mombasa