Mtalii anayetembea peku Mwanza aelezwe ukweli

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waongoza watalii wenzangu pamoja na wenye hoteli wa hapa Mwanza. Mgeni akitaka kutembea peku, mmoja wetu humjibu "hakuna shida", mwingine humwambia "vaa viatu" na kuishia hapo. Majibu yote mawili hayamsaidii, kwa sababu hatari ya jiweni si ya mtaani, na ya mtaani si ya majini.

Wageni hawa si wachafu, wala hawajarukwa na akili. Kule New Zealand mtu kuingia dukani peku ni jambo la kawaida, na Ujerumani zipo bustani zenye njia zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya nyayo tupu. Wakifika kwenye mji wa mawe kama wetu, watavua tu. Na juu ya mawe wana haki yao: jiwe kavu la asubuhi halina neno, unyayo hulishika vizuri kuliko ndala. Mchana jua likiwa kali linaunguza, na pale linapokutana na maji lina utelezi wa kijani unaomwangusha hata mwenyeji.

Mitaani kuna vipande vya chupa, na vijia vya vilimani vina mbigili. Mvua kubwa ikinyesha mitaro hufurika, na maji yake huweza kuwa na mkojo wa panya. Mwenye mchubuko mguuni anaweza kupata homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Kwenye mialo, yaani pale wavuvi wanapopakulia samaki, ndiko kubaya zaidi. Mchanga unaoanikiwa dagaa huficha ndoano za sangara, miba ya mapezi na misumari iliyodondoka mitumbwi ikitengenezwa. Msumari hutoboa tundu jembamba lenye kina, hewa haifiki ndani, na humo ndimo vijidudu vya pepopunda hustawi. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, si ya ziwani, halafu mgeni aulizwe alichanjwa lini pepopunda. Ikiwa imepita miaka 5, au hakumbuki, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Funza nao wapo, hasa kiangazi, kwenye vumbi la karibu na nguruwe na mbwa. Jike lina urefu wa kama milimita 1 tu. Hupenya pembeni mwa ukucha au kisiginoni. Kwanza mtu huwashwa, kisha kinatokea kidoa cheusi katikati ya duara jeupe, ambalo ndani ya wiki mbili hufikia ukubwa wa punje ya njegere. Duara hilo ni tumbo lililojaa mayai. Kosa la kawaida ni kulibinya: hupasuka, mabaki yanasalia ndani, kidole kinatunga usaha. Mguu uoshwe, sindano mpya au iliyochemshwa izungushwe taratibu kupanua tundu, funza atolewe mzima, kisha tundu lipakwe dawa ya kuua vijidudu. Sindano moja isitumike kwa watu wawili, na mafuta ya taa yasipakwe, yanachoma ngozi. Mgeni akiosha miguu kila jioni na kuikagua kwa tochi katikati ya vidole, atamwona mapema.

Lakini kubwa kuliko yote ni lile ambalo ndala haziwezi kulizuia, nalo ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaokaa katika matete na magugu ya ukingoni, kwa wingi zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, saa zilezile tunazopeleka wageni ufukweni. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Kwa hiyo kumwambia mgeni "usiogelee, loweka miguu tu" ni kumdanganya. Kujifuta haraka kwa taulo husaidia kidogo, si kinga ya kutegemea. Maji ya ziwa ya kunawia yatekwe na kuachwa yakae siku 2 kamili bila konokono ndani. Vijidudu hufa vyenyewe.

Dawa ni prazikwanteli, na daktari huipima kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Kinachosahaulika ni muda. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, si michanga, hivyo anayeimeza siku ya kuondoka anaweza kubaki na ugonjwa. Anywe wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji kwa mara ya mwisho, yaani akiwa kwao. Akipata homa, kikohozi au vipele kabla ya hapo, amtajie daktari wake Ziwa Victoria, maana huko wengi hawatakifikiria kichocho.

Wapo watakaosema mbona watoto wetu wanatembea peku. Wanatembea kwa kukosa viatu, na kichocho na funza vinawapata. Ndiyo maana shuleni wanagawiwa dawa hiyohiyo.

Naomba kila hoteli ya ufukweni iweke langoni ndala za kuazima, ndoo ya maji ya bomba na sabuni, na siku mgeni anapoondoka apewe karatasi yenye jina la dawa, tarehe aliyogusa maji mara ya mwisho na tarehe ya kumeza.

Mwongoza watalii,
Mwanza