Mlima wa Geislingen bado unafanya kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako kusahihisha dhana kwamba tangu Desemba 2022, ilipofunguliwa reli ya kasi ya Wendlingen hadi Ulm, reli ya mlimani ya mji mdogo wa Geislingen, kusini mwa Ujerumani, imebaki kumbukumbu tu. Treni nyingi za kasi zimehama, ni kweli. Mizigo mizito haijahama, maana reli mpya ina miinuko mikali zaidi kuliko ile ya 1850.

Njia yenyewe ya mlimani ina urefu wa kilomita 5.6 kutoka Geislingen hadi kituo cha Amstetten kilichoko juu, na inapanda mita 112. Penye ukali zaidi, treni hupanda mita 1 kila mita 44.5. Piga hesabu: treni ya tani 1,000 hurudishwa nyuma na mwinuko huo kwa nguvu ya tani 22 na ushei, kabla ya msuguano. Kichwa cha treni (injini) cha tani 80 hivi huvuta takribani theluthi ya uzito wake reli zikiwa kavu, yaani tani 26 au 27. Mvua ikinyesha, nguvu hiyo yaweza kushuka hadi tani 16, na magurudumu yanazunguka bure. Majani ya miti ndiyo mabaya zaidi: yakisagwa juu ya reli huacha utando unaoteleza kama sabuni. Dereva humwaga mchanga mkavu mbele ya magurudumu, lakini mchanga nao una kikomo.

Ndiyo maana treni nzito huongezewa kichwa cha kusukuma nyuma. Wengi huuliza kwa nini visifungwe viwili mbele. Vikivuta vyote mbele, uzito wote hukiangukia kiungo cha behewa la kwanza, na kikikatika treni inabaki vipande viwili mlimani. Cha nyuma hupunguza mzigo huo.

Wala mji haukupata reli tu. Daniel Straub, msaga nafaka wa hapo, alianza kutengeneza zana za wajenzi wa reli, akafungua kiwanda cha mashine. Mwaka 1853 akaanzisha na wenzake kiwanda cha vyombo vya metali ambacho leo ni WMF, kampuni ya vyombo vya jikoni na mezani.

Anayetaka kuuona mlima huo asikate tiketi ya treni ya kasi. Apande treni ya mkoa ya Stuttgart hadi Ulm, akae dirishani kuanzia Geislingen. Kwenye kona zile treni haizidi kilomita 70 kwa saa.

Msomaji wako,
Mpenzi wa reli